Herufi Ambazo Bado Hazijaiva

Basi la shule lilimshusha Tahlia saa tisa na nusu alasiri, kila siku ya shule, kwenye kona ya barabara iendayo Franklin. Hakwenda kwao moja kwa moja. Alikatiza uwanja wenye matope, akazunguka banda la kuku, akaingia katika chumba cha kazi cha bibi yake, mzaa mama. Mama yake, Leanne, alikuwa kiwandani akitoa miiba ya samaki hadi saa kumi na mbili, na baba alikuwa ameondoka siku nyingi, kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika harufu ya wino.

"Usipumulie meza yangu," Bibi Verna alisema bila kuinua kichwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake.

"Habari za kutwa, Bibi?"

"Habari gani? Nimeshinda na R moja tangu asubuhi. Habari ndiyo hiyo."

Bibi Verna Skelhorn alikuwa na miaka sabini na mitatu, na alikuwa amechora karibu kila kitu kinachoweza kuchorwa. Alianza akiwa na miaka kumi na minne katika kiwanda cha chapa mjini Hobart, katika kisiwa chao cha Tasmania, akipaka rangi lebo za masanduku ya matufaha yaliyokwenda kuuzwa Uingereza. Masanduku ya mbao yalipoachwa na maboksi ya karatasi kushika nafasi yake, lebo zikafa, naye akaanza kuandika mabango ya maduka. Akachora matangazo ya sinema, marefu kama ukuta wa nyumba. Akaenda Melbourne akachora majalada ya santuri za jazi na vitabu vya kufumia sweta. Akachora hata taulo za kukaushia vyombo, zile ambazo watalii hununua halafu hawazitumii. Mzee mmoja wa Cygnet alimwita amchoree jeneza lake kabla hajafa, akitaka lifanane na sanduku la matufaha, akachora na hilo.

Kisha picha za kamera zikajaa kila mahali, na akiwa na miaka arobaini na tatu akaambiwa mkono wake umezeeka. Akaweka brashi chini. Miaka kumi na mmoja alipika supu na kufuta meza katika kantini ya shule, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejua kwamba mama yule mwenye aproni ndiye aliyechora bango la bucha ya mjini. Halafu, ajabu ya Mungu, vijana wenye ndevu wakaanza kumbishia hodi. Walikuwa wamefungua mikahawa na viwanda vidogo vya kinywaji cha tufaha, wakataka picha "za mtindo wa kale."

"Wanasema nachora mtindo wa kale," Bibi alizoea kusema, akikunja midomo. "Mimi nachora tu. Kale ni yao."

Akiwa na miaka sitini alijifunza kompyuta ili aunde fonti, yaani seti nzima ya herufi zilizochorwa na mtu mmoja, ambazo mtu mwingine yeyote anaweza kuzitumia kuandikia. Alikuwa ameshatoa tatu. Hii ya nne alikuwa nayo kwa miaka saba. Aliitoa katika zile herufi nene zenye mgongo wa duara alizozipaka rangi utotoni, na alikusudia iwe ya mwisho. Kampuni moja ya Melbourne ilikuwa inaisubiri.

Kila herufi ilikaa kwenye karatasi yake nyembamba inayopitisha mwanga, imechorwa kwa wino mweusi. Pembeni mwa nyingine Bibi aliandika neno dogo kwa penseli ya buluu iliyopauka: *bado*. Ilikuwa desturi ya kiwandani. Kamera za zamani za chapa hazikuiona buluu ile, kwa hiyo mchoraji aliweza kujisahihisha juu ya kazi yake yenyewe bila alama zake kutokea kwenye chapa.

"Kwa nini G imeandikwa bado?" Tahlia aliuliza siku moja. "Mbona nzuri?"

"Nzuri kwako. Jino lake, hiki kipande cha katikati, limeshuka mno. Weka maneno kumi mbele ya mtu na hiyo G ndani, macho yake yatajikwaa na hatajua kimemwangusha nini." Bibi alivua miwani ya kwanza akavaa ya pili. "Herufi ni kama tufaha, mama. Ikitoka kabla haijaiva, huwezi kuirudisha mtini."

Tahlia alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mwezi wa Juni shule ilitangaza mashindano ya kuchora bango la sherehe ya baridi, ile ambayo watu wa bonde la Huon hukusanyika shambani na kupiga masufuria kuizunguka miti ya matufaha ili kufukuza mabaya na mti uzae vizuri. Bango litakaloshinda lingebandikwa mji mzima. Tahlia akachora siku mbili, akalileta darasani.

"Haya, jamani, njooni muone!" Corey Dobbs, aliyekaa nyuma yake, akapaza sauti. "We Tahlia, herufi zako zimekunywa nini? Hiyo S inatapika!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Pettifer alimkemea Corey, lakini Tahlia alimwona mwalimu mwenyewe akiuma mdomo ili asicheke. Hilo ndilo lililomkata maini. Mjukuu wa Verna Skelhorn, hajui kuandika S!

Jioni alimwomba bibi yake msaada. Bibi akamwekea karatasi na penseli.

"Chora O. Ukimaliza, chora nyingine. Baada ya wiki tatu tutaongea habari ya S."

"Wiki tatu! Bibi, bango linatakiwa Ijumaa ijayo."

"Basi bango litakuwa baya. Langu la kwanza lilikuwa baya pia, na sikufa."

Tahlia alichora O kumi na tisa, mkono ukamchoka, akaenda zake kutazama televisheni. Siku iliyofuata Bibi Verna alikwenda Hobart kutolewa mtoto wa jicho, akae kwa shemeji yake kwa wiki tatu mpaka jicho lipate nafuu. Ufunguo wa chumba cha kazi akamwachia Tahlia ili awashe jiko la kuni, karatasi zisipate unyevu.

Hakuna aliyemshurutisha. Niseme hilo mapema, maana watoto wengine wakishikwa husema shetani kawapitia. Aliwasha jiko, akazipanga zile karatasi juu ya meza moja moja, akazipiga picha zote kwa simu yake. Kazi yote haikufika nusu saa. Kisha akaziingiza katika programu inayogeuza picha kuwa herufi za kuandikia. Programu ikazifanya nyeusi na nyeupe tupu, na kila *bado* ya buluu ikatoweka.

Kwa herufi hizo akaandika bango jipya, nalo likashinda. Nyuma yake palikuwa na mstari: *Nathibitisha kwamba hii ni kazi ya mkono wangu.* Tahlia akaweka jina lake hapo. Alipewa sanduku la brashi zenye mpini wa mbao, na picha yake ikatoka kwenye gazeti la mji. Corey, aliyeshika nafasi ya pili, alisema, "Aisee, umejificha muda wote huu!" Mama yake alilitazama lile bango dukani akatokwa na machozi. "Damu ya bibi yako hiyo," alisema. "Mimi iliniruka, ikakuangukia wewe."

Sifa ni tamu, na mwenye kuzionja hashibi. Kuna mahali mtandaoni ambapo watu hugawiana fonti bure. Tahlia akaipandisha huko seti nzima, herufi zote na tarakimu zote, akaandika chini yake: *Nimezichora mwenyewe, nina miaka kumi na miwili.* Kufika asubuhi watu elfu mbili walikuwa wamezipakua. Kufika Jumapili walikuwa elfu thelathini. Watu wa nchi ambazo hakuwahi kuzisikia walimwandikia kwamba ana kipaji cha ajabu. Alisoma ujumbe huo chini ya blanketi akitabasamu peke yake.

Bibi aliporudi, akiwa na bandeji juu ya jicho, kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa bango. "Leanne ameniambia umeshinda. Lilete nilione."

"Mvua ililiharibu, Bibi. Yote yaliharibika."

"Hata moja halikubaki?"

"Hata moja."

Usiku ule alizifuta zile herufi mtandaoni. Akadhani amemaliza. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kilichokwisha kupakuliwa na watu elfu thelathini hakifutiki kwa kidole cha mtoto.

Mwezi wa Novemba Bibi Verna alipeleka kazi yake Melbourne, ile G ikiwa imesahihishwa na zile *bado* zote zimemalizwa. Siku nne baadaye barua ikaja kwenye kompyuta. Mwandishi alikuwa Bi Renata Kovac, msimamizi wa fonti katika ile kampuni. Bibi aliisoma kwa sauti, Tahlia akiwa amekaa kwenye kigoda akila mkate.

*Mpendwa Verna, nasikitika kukuuliza hili. Fonti inayofanana na yako karibu kwa kila kitu inauzwa na mtu mwingine tangu mwezi wa Agosti, kwa jina lingine. Hatuwezi kutoa yako hali ikiwa hivi. Je, inawezekana uliiona mahali?*

Bibi alicheka kwanza. Kisha akaifungua ile fonti ya mwuzaji huyo na kuikuza mpaka ikajaa kioo. Kicheko kikakatika. Tahlia akauweka mkate chini.

"Huu ni mkono wangu," Bibi alisema polepole. "Tazama hii R. Na hii G. Jino limeshuka mno, kama langu lilivyokuwa." Akageuka. Macho yake mawili, moja jipya na moja la zamani, yalimtazama mjukuu wake. "Tahlia, nilipokuwa Hobart, kuna mtu aliyeingia humu?"

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Neno moja tu, na pengine hadithi hii ingekuwa fupi na nisingekuwa na haja ya kuisimulia.

"Hapana, Bibi."

"Una hakika?"

"Hakuna mtu. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Bibi Verna akatikisa kichwa akarudi kuitazama kompyuta. Hakumshuku hata kidogo. Angemshukuje? Ndiye mtoto aliyemkalisha mezani tangu hajajua kushika kijiko.

Kwa kuwa hakumshuku mtoto, ilimbidi amshuku mtu mwingine, na aliyebaki alikuwa yeye mwenyewe. Wiki ile Tahlia alimsikia akimwambia mama jikoni, "Hakuna aliyeingia, Leanne. Na hakuna watu wawili duniani wanaoweza kukosea G kwa namna ile ile. Basi mimi ndiye niliyenakili. Niliiona mahali, nikaichora, nikasahau kwamba niliiona."

"Mama, acha hizo. Miaka saba ulikuwa unachora, nimekuona kwa macho yangu."

"Nimekuwa nikichora kitu. Ni kipi, na tangu lini? Sikumbuki tena vizuri. Dada yangu Olive alianza hivi hivi. Alianza kwa kusahau alikotoa vitu, akaishia kwa kusahau jina langu."

Tangu siku hiyo Bibi akawa mtu mwingine. Alibandika vikaratasi ndani ya nyumba: *zima jiko, lisha kuku, leo Jumanne.* Alimwandikia Bi Renata kwamba anaiondoa kazi yake na anaomba radhi kama alichukua cha mtu bila kujua. Zile karatasi za miaka saba akazifunga kwa kamba akazisukuma chini ya kitanda. Mezani hakukaa tena. Tahlia alipoingia saa tisa na nusu alimkuta dirishani, mikono mapajani, na hakuna aliyemwambia asipumulie meza.

Je, mtoto alikuwa anayaona haya? Aliyaona yote. Kila siku alisema kesho nitasema, na kila kesho ilikuja na woga wake. Alijiambia kwamba bibi atasahau, na neno lenyewe likamchoma. Shuleni, kila alipoulizwa kuhusu lile bango, alibadilisha mazungumzo. Wiki tano zilipita hivyo.

Mwezi wa Desemba, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, mama alimpeleka Bibi kwa daktari mjini Huonville, akamchukua Tahlia kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na hakukuwa na wa kumwachia. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwuliza Bibi tarehe, akamwambia ayashike maneno matatu, kisha akamsogezea karatasi.

"Bi Skelhorn, naomba unichoree uso wa saa. Namba zote, na mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Bibi Verna akaishika ile kalamu ya plastiki. Mwanamke huyu aliwahi kuchora saa ya mnara wa Hobart kwenye bango la futi ishirini kwa siku moja, akiwa juu ya ngazi. Sasa duara likaanza vizuri, likafika robo, likasimama. Alimtazama daktari, akamtazama binti yake, na Tahlia akauona uso wa bibi yake ukiwa na hofu, hofu ya mtoto mdogo aliyepotea sokoni.

"Samahani," Bibi alinong'ona. "Naogopa nitakosea."

"Ni mimi!" Tahlia alipiga kelele. Hata yeye alishtuka. "Bibi, usichore! Huumwi! Ni mimi niliyeziiba!"

Mama akamshika bega. "We mtoto, una nini? Unasema nini mbele ya daktari?"

Basi yakamtoka yote, kwa kwikwi, bila mpangilio: simu, karatasi, bango, mvua ambayo haikunyesha, watu elfu thelathini. Akaitoa simu mfukoni. Picha zilikuwa bado zimo, zenye rangi zake. Pale kwenye picha ya G, pembeni, neno dogo la buluu iliyopauka lilionekana wazi, na juu yake tarehe ya mwezi wa Juni.

Bibi aliishika ile simu kwa muda mrefu. Alipitisha kidole picha moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa alfabeti. Kisha akairudisha, akaichukua kalamu ya daktari, akamalizia lile duara. Namba kumi na mbili zikakaa mahali pake, nene, zenye mgongo wa duara, na mishale ikaonyesha saa tano na dakika kumi. Daktari alitabasamu. Bibi hakutabasamu.

"Twende nyumbani, Leanne," alisema.

Gari likaingia barabara ya kando ya mto wa Huon. Hapo mama ndiye aliyelipuka.

"Wiki tano! Nimelala macho wiki tano nikitafuta nyumba ya wazee ya kumlaza mama yangu! Nimepiga simu huko na huko, nimelia kwenye choo cha kiwanda ili watu wasinione! Na wewe unakaa mezani unakula viazi!"

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Ulikuwa unaogopa nini? Kuchapwa na maneno? Mama yangu alikuwa anaogopa kupoteza akili yake!"

Bibi alitazama nje ya dirisha tu.

Kazi ya kurekebisha ilimwangukia Tahlia mwenyewe. Mama alikataa kumwandikia hata mstari mmoja. Tahlia alimwandikia Bi Renata barua, akataja tarehe na mahali alipoziweka zile herufi, akaambatanisha picha zote zenye alama za buluu. Mara tatu aliandika "nilikosea," na mara tatu Bibi alimrudishia. "Usiseme ulikosea. Aliyekosea ni anayejumlisha mbili na tatu akapata sita. Andika ulichofanya." Mara ya nne akaandika: *Nilichukua kazi ya bibi yangu, nikasema ni yangu. Aliponiuliza, nikamdanganya.*

Bi Renata alipiga simu siku ile ile ilipomfikia. Aliomba radhi kwa Bibi mpaka sauti ikamkauka. Yule mwuzaji, mmoja wa wale waliozipakua bure, alipoonyeshwa zile picha aliiondoa fonti yake upesi na kutoweka, na jina la Verna Skelhorn likawa safi tena.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza mwezi wa Februari, Tahlia alikuwa amehamia shule ya sekondari. Aliomba ruhusa, akarudi shule yake ya zamani, akasimama mbele ya Mwalimu Pettifer na wanafunzi wote akiwa na lile sanduku la brashi. Corey naye alikuwapo, alikuwa amemleta mdogo wake. Tahlia alisema aliyoyafanya, akalirudisha sanduku. Mwalimu akamwita Corey alichukue, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahili.

Walipokutana mlangoni Tahlia alidhani atamcheka. Corey hakucheka.

"Bango langu lilikuwa baya," alisema. "Ng'ombe alikuwa na miguu mitano. Lakini nililichora mimi." Akaenda zake, sanduku kwapani.

Fonti ya Bibi Verna ilitoka mwezi wa Machi, kwa jina lake, kila herufi ikiwa imeiva. Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo kwa furaha. La, hayakuishia hapo. Zile mbichi zilikuwa zimeshasambaa. Zilionekana kwenye mifuko ya chakula cha mbwa, kwenye duka la kuku wa kukaanga Hobart, kwenye fulana za watu wasiojua hata Tasmania iko wapi. Mtu mmoja alimwandikia Bibi kwamba fonti yake mpya si mbaya, ila ameiga ile ya zamani, na G ya zamani ilikuwa na mvuto zaidi. Bibi aliisoma barua hiyo kwa sauti mara mbili, akazima kompyuta.

Jioni moja ya mwezi huo Tahlia alikaa kando yake, mezani. Alikuwa anachora O. Tangu sikukuu alikuwa ameshachora zaidi ya mia sita, na hakuna aliyemlazimisha.

"Bibi," alisema, "umenisamehe?"

Bibi Verna aliiweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa kuipima herufi kabla ya kuiandika, na neno vilevile.

"Kwa kuchukua, nimekusamehe siku ile ile," alisema. "Ulitamani sifa, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Na mimi nilipokuwa kiwandani niliwahi kutia jina langu kwenye lebo ya mwenzangu, nikapigwa rula ya chuma mkononi, nikaacha. Kitu kikiibwa, mwenyewe anajua kimeibwa. Anapiga kelele, anatafuta, anapata au anakosa. Lakini wewe nilikuuliza kwa kinywa changu, ukaniambia hapana. Hukuninyang'anya herufi tu. Nilikaa pale dirishani nikijiaga mwenyewe, Tahlia. Nilikuwa najifunza kuishi bila akili yangu, na wewe unaniona, unajua ninayo. Mwenye kosa akikiri, anaumia yeye. Akinyamaza, kuna mwingine anayeumia badala yake, na mara nyingi ni yule anayempenda kuliko wote. Ulijue hilo hadi uzeeni kwako."

Tahlia alikuwa akilia, machozi yakidondoka juu ya O zake.

"Na lile la kunyamaza, Bibi? Hilo umenisamehe?"

"Hilo bado," alisema Bibi Verna, akamvutia karatasi nyingine kavu.